Wete hadi Mtae, na ngoeko mkononi

Ukisimama pwani ya magharibi ya Pemba jua linapotua, na mvua iwe imenyesha mchana anga likatakata, utaona milima juu ya bahari. Ufukwe wa bara wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni mstari wa buluu tu, na baada ya dakika chache giza linauchukua. Utotoni tukiuliza tuliambiwa "kule Usambara", basi, mazungumzo yakaishia hapo. Nimesomesha historia sekondari miaka 22, ubaoni nimechora ramani ya utawala wa Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Usambara, mara zisizo na idadi, na katika maisha yangu yote sikuwahi kupanda kitu kirefu kuliko mkarafuu.

Nilipotimiza miaka 51 nikasema likizo ya Disemba naenda. Kijana wa kaka yangu akajitolea kunisindikiza. "Lakini shangazi," akasema, "kule baridi, utaganda."

Sikuogopa baridi, niliogopa kupanda. Pemba yetu ni vilima na mabonde kila upande, lakini hata kilima kirefu kuliko vyote hakifiki mita 150. Mji wa Lushoto peke yake uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na msitu wa Magamba unapita mita 2,000. Nikatafuta mteremko nilionao: bandari ya Wete iko chini, mji uko juu. Kwa wiki sita, kila baada ya sala ya alfajiri, nilishuka bandarini na kupanda tena, mwanzo mara mbili, mwisho mara tano, na mgongoni begi lenye madumu mawili ya maji. Wachukuzi wakinitania: "Maalim, unajiandaa na Hija?" Nikiwajibu inshallah, ila kwanza hii.

Kosa langu ni kwamba nilihesabu kupanda tu. Kushuka sikukutia maanani hata siku moja, nilikuona ni kupumzika.

Mizigo haikuwa mingi. Sweta mbili, soksi nzito, suruali ya kuvaa chini ya dera, maana baibui kwenye miba ni kutafuta kuanguka. Kilo moja ya halua ya Wete. Na ngoeko, ile fimbo ya ndoana tunayovutia matawi ya mkarafuu. Nilikata fupi nikaifanya bakora. Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

Meli ya Tanga, basi mpaka Mombo, kisha ile barabara ya kona inayopita Soni kupanda Lushoto. Aliyetapika ni yule aliyesema mimi nitaganda. Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili. Tulilala usiku mmoja, tukapata kijana wa Kisambaa wa kutuongoza, tukalipia kibali cha msitu, asubuhi tukaondoka.

Siku ya kwanza ni kukata Magamba mpaka Lukozi. Msituni mna baridi ya unyevu, njia ina majani yaliyooza, unakanyaga kama godoro. Juu ya miti mbega weusi wenye mabega meupe, na kwenye kijiti kinyonga mwenye pembe mbili, ambaye alimfanya kijana wa kaka arudi nyuma hatua kumi. Kiongozi alinifunza mwendo: hatua fupi, mdomo ufungwe, kusimama sawa lakini kukaa marufuku. "Mama, ukikaa miguu inalala." Kila saa nilikula tonge moja ya halua. Ni sukari na samli tupu, haiharibiki, na naapa hakuna biskuti inayokupeleka mbali hivyo.

Njiani alitusimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, akaua simba, na watu wa Vuga wakamfanya mtawala. Ndiyo maana mfalme wa Wasambaa alikuwa akiitwa Simba Mwene. Nilimsikiliza kimya. Darasani kwangu huwa naruka wale nguruwe, wanafunzi wakicheka hakusomeki tena.

Kutoka Lukozi kwenda Rangwi ndipo nilipojuta. Njia inashuka, inapanda kidogo, inashuka tena, kati ya mashamba ya viazi na kabichi yaliyolala ubavuni mwa mlima. Upande wa Mlalo, mwaka 1946, Waingereza walianza kuwalazimisha watu kulima kwa matuta, na wakapingwa kweli kweli. Mimi siku ile sikuwa na nguvu ya kupinga wala kukubali chochote. Magoti yalitetemeka, kidole gumba kikawa kinagonga kiatu kila hatua, na kufika mchana soli ya kushoto ilibanduka. Viatu vile niliuziwa kuwa ni vya mlima hasa. Kiongozi alivifunga kwa kamba ya katani.

Ngoeko ndiyo iliyoniokoa. Alinionyesha namna: itangulie chini kwanza, ndipo mguu, goti lisinyooke, na mteremko mkali usiuteremke uso kwa uso, uende upande upande kama kaa. Penye kingo niligeuza fimbo, ndoana ikashika mzizi, nikajivuta. Usiku huo tulilala kwa watawa wa Rangwi. Alfajiri mmoja wao aliniona nje nikiyatazama maji ya udhu kama adui. Akarudi jikoni, akaniletea ndoo ya maji moto, akaondoka bila kusema neno.

Siku ya tatu, tukielekea Mtae, tulipumzika kwa mzee mmoja nje ya nyumba yake. Macho yake yalikuwa kwenye fimbo. "Hii ya nini, mama?" Ya kuchumia karafuu, nikamwambia, natoka Pemba. Akaichukua, akaigeuza geuza. "Karafuu," akasema. "Babu alikuwa akisema, waliopelekwa Pangani hawakurudi."

Habari hiyo naijua kwa tarehe. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alifariki mwaka 1862, jamaa zake wakapigana, mwanawe Semboja kule Mazinde akapata bunduki kwenye njia ya misafara, na watu wakawa wanakamatwa na kuuzwa pwani. Mwaka 1872 kimbunga kikaivunja mikarafuu ya Unguja, ya Pemba nyingi ikasalimika, na mashamba yetu yakataka mikono zaidi. Mwaka 1873 Seyyid Barghash akapiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini vyombo viliendelea kuvuka usiku kutoka Pangani. Nimeyafundisha haya kama swali la mtihani. Bibi mzaa baba yangu, tulichoambiwa ni kuwa "alitoka bara", na mtoto aliyeuliza zaidi alifinywa. Bara ni kubwa, siwezi kusema alitoka mlima huu. Sikumwambia mzee lolote, na yeye hakuniuliza.

Aliinuka, akaenda na ngoeko mpaka kwenye mti wake wa plamu, akavuta tawi. Ndoana ilishika vizuri. Akatujazia mfuko.

Mtae tulifika alasiri. Kijiji kimekaa ukingoni kabisa, chini yake tambarare ya Mkomazi imetandaa. Kilimanjaro inasemekana huonekana. Sisi tulipewa wingu.

Ukucha wa kidole gumba ulitoka wiki ya tatu baada ya kurudi. Atakayekwenda, akate kucha siku moja kabla, avae viatu alivyokwisha kuvizoea, na mazoezi yake bandarini awe anashuka na mzigo, si kupanda tu.

Plamu saba zilifika Wete zikiwa nzima. Mama alikula mbili, akasema chachu, akauliza zinatoka wapi. Nikamwonyesha kule magharibi. Kulikuwa na ukungu, hakuna kilichoonekana.