Damu Baada ya Tarawehe

Mwaka 2011 Ramadhani iliangukia Agosti, na Agosti ni likizo ya shule. Ukiwa hujawahi kushughulika na benki ya damu huwezi kuona tatizo liko wapi. Kenya hii wanaojitolea damu wengi ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa wametawanyika makwao, na watu wazima wa Mombasa mchana kutwa wamefunga. Damu nayo haingoji Idi: seli nyekundu zikiwa kwenye friji hudumu siku 35, na zile chembe za kugandisha damu hudumu siku 5 tu.

Vijana wa mtaa wetu, Kibokoni, tukaamua watu watoe usiku, baada ya tarawehe, ile sala ya usiku ya Ramadhani. Tukaazima ukumbi wa madrasa, wauguzi wakaja na vitanda na masanduku ya barafu, mama zetu wakaleta tende, kaimati na maji ya ukwaju. Mimi nilipewa meza ya kuandikisha: umri, uzani, mara ya mwisho kutoa lini.

Mwanzo hakuingia mtu. Walitoka msikitini, wakachungulia mlangoni, wakaenda zao barazani kunywa kahawa tungu. Mabango tuliyobandika wiki nzima hayakumwinua hata mmoja. Aliyewainua ni bibi mmoja jirani, aliyedungwa kidole akaambiwa damu yake haitoshi, asitoe. Alighadhibika kwelikweli! Akajifunga leso kiunoni, akapita baraza baada ya baraza: "Wewe, mwana wa fulani, mimi nimekatazwa, wewe wangoja nini?" Haukupita muda foleni ikafika kichochoroni.

Dereva wa tuktuk aliyeshusha abiria hapo, kijana wa Kisauni, akauliza kama na watu wa kanisani wanaruhusiwa.

"Kwani damu yako ni ya buluu?" bibi akamjibu. "Keti. Kunywa maji kwanza."

Kisha akaja mzee mmoja wa kanzu, mstaafu wa bandarini. Hakutaka kuandikishwa kabla ya kujua damu inaenda kwa nani. Alitaka iandikwe kabisa kwamba ni ya watu wetu. Muuguzi akamwonyesha mfuko: namba, na baadaye kundi la damu, ikishapimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende. Basi.

"Hata mimi sitajua, baba," akamwambia.

Tumezoea hospitali kutuambia tulete ndugu warudishe damu aliyopewa mgonjwa wetu. Silidharau hilo, ila naliona kama kulipa deni. Mama anayevuja damu usiku wa manane baada ya kujifungua hawezi kungoja ndugu zake wakusanyike kutoka Likoni na Mikindani. Humfaa ile iliyokwisha kuwa kwenye friji, ya mtu asiyemjua, na ambaye pengine wangepishana barabarani bila salamu.

Mzee alimtazama yule wa tuktuk, aliyelala mkono umenyooshwa huku bibi akimsimamia kama mwanawe. Akavuta kiti.

"Haya, andika."

Nikamuuliza umri. Sitini na tisa. Nikamwambia mwisho ni 65.

Akanikazia macho, kisha akatoa simu mfukoni, akaongea kwa sauti ya watu wa gatini: "Mko wapi? Shukeni chini, wewe na nduguyo. Hapana, sasa hivi. Na mnywe maji."