Sekunde 45 za fundi cherehani

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu, Machi 13, 2023. Saa 9, hata bodaboda wa stendi yetu hapa Kampala walikuwa wamenyamaza. Nilikuwa sebuleni kwa jirani yangu mwenye dikoda, nimejifunika shuka, chupa ya chai pembeni, daftari magotini. Tuzo za Oscar zinaanza. Jirani alivumilia zulia jekundu tu, kisha akaniambia, "Dada, ukimaliza uzime," akaenda kulala.

Mimi hutazama mishono. Nyuso za mastaa huwa nazipita upesi, macho yangu yanatafuta mshono umepitia wapi, kiuno kimekaaje, pindo lina uzito gani linapoburuzwa. Mwaka 2014, Lupita Nyong'o alipopanda jukwaani na lile gauni la Prada la samawati, nilikuwa bado najifunza kazi. Nililitazama kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nikihesabu marinda. Marinda yale yalikuwa yakifunguka na kufunga kila alipopiga hatua, na nilitaka kujua mkono gani uliyapanga.

Basi usiku huo nilikuwa nikingoja tuzo moja tu, ya ubunifu wa mavazi. Wakamtaja Ruth E. Carter. Nilisimama peke yangu gizani nikajiziba mdomo nisiwaamshe watoto wa watu. Alikuwa ameshashinda mwaka 2019 kwa mavazi ya Black Panther, na sasa kwa filamu iliyoifuata akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Oscar mbili. Nguo zile nazifahamu. Shanga zake zimechota kwa Wamaasai na Waturkana, kofia ya malkia inatoka kwa Wazulu, mablanketi ni ya Wabasotho. Na mmoja wa wale askari wanawake waliovaa nyekundu ni Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala hii hii. Mwenzetu alivaa nguo iliyopata Oscar!

Halafu Ruth akamtaja mama yake, aliyefariki wiki hiyohiyo akiwa na miaka 101. Hapo nililia.

Mama yangu alishonea barazani Busia, upande wetu wa mpaka. Kazi yake ilikuwa kupunguza mitumba: suruali ya mzungu mnene inaingia, inatoka suruali mbili za watoto wa shule. Alizungumza Kiswahili na kila mteja, awe ametoka Kenya au kwetu, na kila mteja alimwita "fundi". Sikumbuki hata mmoja aliyemwita kwa jina lake.

Hilo ndilo linaloniuma katika kazi hii. Nimewahi kushonea kikundi cha maigizo mavazi 14, siku tisa, usiku na mchana. Siku ya onyesho karatasi ya wahusika ilimtaja mpaka aliyeshika taa. Fundi hakuwemo. Nililipwa, sikatai, lakini karatasi ile niliikunja nikaiweka kwenye droo ya cherehani na bado ipo.

Ila nchi yetu ina fundi mmoja ambaye jina lake halijafutika. Tunavaa gomesi kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ni gauni lenye mabega yake yaliyochongoka na mshipi wake mpana kiunoni, na jina hilo ni la fundi Mgoa, mtu wa Goa ya India, aliyelishona, Gomes. Bibi zetu wanalitaja kila siku.

Ninachokiota nakijua vizuri. Ni filamu ya hapa kwetu, ya enzi za wafalme, na mavazi yake ni ya lubugo, gome la mti wa mutuba ambalo utengenezaji wake UNESCO iliutambua mwaka 2005. Lubugo ni kitambaa kigumu kwa fundi. Ukishona mishono midogo midogo, sindano inatoboa mstari na nguo inachanika palepale kama stempu. Mimi narefusha mshono, naweka bitana ya pamba chini, na mabega namalizia kwa mkono. Nina kipande cha majaribio, kimekaa mwaka mzima na hakijaachia.

Wanasema sanamu yenyewe ya Oscar ina kimo cha sentimita 34 na uzito wa karibu kilo 4. Pasi yangu ya mkaa ni nzito vilevile, kwa hiyo mkono hautatetemeka. Mshindi anapewa sekunde 45 za kushukuru. Yangu nitaitoa kwa Kiswahili, nianze na jina kamili la mama, la kwanza na la ukoo, halafu wanawake wa soko la Busia waliomletea kazi, halafu aliyeniazima cherehani ya kwanza, halafu jirani na dikoda yake.

Alfajiri ile, kabla ya kufungua kibanda, niliisema yote kwa sauti mbele ya kioo cha wateja, simu ikihesabu. Ikafika sekunde 58. Tangu hapo nimeipunguza mara nyingi, sasa iko 51, na hao waliobaki sioni wa kumtoa.