Kurasa Tano Zilizoshikilia Bafa

Bodi ilikuwa na RAM ya GB 1, Linux 5.15 na kamera moja ya mtandaoni. Kila kamera ilipokatika na kurudi, MemAvailable (RAM ambayo kerneli inakadiria bado inapatikana) ilishuka kwa takriban MB 24, na haikupanda tena. Baada ya saa kadhaa kerneli ikaua programu, tena siyo yenye kosa. Iliua hifadhidata, kwa sababu ndiyo iliyoonekana kula RAM kuliko zote.

Bafa za picha, yaani vipande vya RAM vinavyobeba picha, zilitoka /dev/dma_heap/system. Mmap ya huko (kuiweka bafa kwenye anwani za prosesi) hupitia remap_pfn_range, kwa hiyo haziingii kwenye RSS, RAM inayohesabiwa kuwa ya prosesi, ya prosesi yoyote. Jumlisha safu nzima ya top, hutaziona.

Tulianzia /sys/kernel/debug/dma_buf/bufinfo, inayotaja ukubwa, idadi ya marejeo (wanaoishikilia) na ino, namba ya utambulisho, ya kila bafa. Programu ilipaswa kuwa na bafa 8. Baada ya kuikata kamera mara 20 tulihesabu 168, kila moja baiti 3,133,440, yaani kurasa 765 za baiti 4,096. Bafa 8 zinafanya hizo MB 24.

Sasa nani anazishikilia? Namba ya faili (fd) haisaidii: bafa ikitumwa kwa prosesi nyingine kwa SCM_RIGHTS kupitia soketi ya Unix, huku inaweza kuwa 14 na kule 31. Kisichobadilika ni ino. Skripti ikapita /proc/*/fd ikitafuta viungo vinavyoanza na /dmabuf:, ikasoma ino na size kwenye fdinfo, ikapanga kwa ino. Zikapatikana bafa 8 tu. Zile 160 hazikuwa na faili wazi popote, na bado bufinfo iliipa kila moja rejeo 1.

Rejeo la namna hiyo laweza kuwa la mmap iliyobaki, la ujumbe ambao haujasomwa kwenye foleni ya soketi, au la draiva ndani ya kerneli yenyewe. Mmap ndiyo rahisi kukagua, na watu wengi husahau kwamba close() haiiondoi. Kwenye /proc/PID/maps ya prosesi ya uchambuzi tukakuta mistari 160 yenye ino zilezile. Kila mmoja ulikuwa wa KB 20 tu, jicho lingeuruka. Safu ya ofseti (umbali kutoka mwanzo wa bafa, kwa heksadesimali) ilisema 002f8000.

Hiyo ni kurasa 760 kamili. Picha ya 1920×1080 kwa NV12 (baiti 1.5 kwa pikseli) ni baiti 3,110,400, na ukizikamilisha kwa kurasa unapata 760. Lakini dekoda hutaka kimo kinachogawanyika kwa 16, hivyo bafa ilitengwa kwa 1088: kurasa 765. Mmap ilitumia ukubwa wa kweli. Munmap, inayoondoa mmap, ikapewa ukubwa uliohesabiwa upya kwa 1080. Zikabaki kurasa 5 za mkiani, na kerneli haiachii bafa nusunusu. Mkia huo wa KB 20 ulizuia MB 3 nzima. Kukagua jibu la munmap kusingetuokoa, kwani ilirudisha 0 kila mara: ilifanya ilichoambiwa.

Tuliondoa hesabu ya pili kabisa. Ukubwa sasa unatoka kwenye bafa yenyewe kwa lseek(fd, 0, SEEK_END), unawekwa pamoja na anwani, na munmap inatumia huohuo. Tukaikata kamera mara 20 tena. Bufinfo ikaonyesha bafa 8.