Siku moja maishani mwangu: piano ya katoni, Mathare

Saa kumi na moja alfajiri. Umoja, mtaa ninaokaa hapa Nairobi, bado ni giza, walio macho ni mimi na mbwa tu. Nafanya mazoezi kwa piano ya umeme nikiwa na hedifoni, nikijua sisumbui mtu, hadi mwezi jana jirani wa chini alinisimamisha kwa ngazi akaniuliza, "Dada, hiyo cherehani unaendesha usiku huwa unashonea nani?" Kumbe vitufe vikigonga, kwake vinasikika kwa dari tak tak tak. Sasa nimetandika blanketi chini ya stendi. Napiga skeli, halafu kurasa mbili za Bach, mkono wa kushoto peke yake, polepole. Hiyo saa moja ndio yangu. Nikiikosa siku yote inaenda upande.

Saa mbili unusu niko Lavington, na hapa ndio pesa hutoka, tusidanganyane. Kijana wa miaka tisa anajiandaa kwa mtihani wa gredi ya tatu wa ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya London iliyoanza 1889. Piano yao ni ya mbao, nzuri kabisa, juu kumejaa picha za harusi na chombo cha maua ambacho huwa nakitoa kila Jumamosi na nikirudi nakipata pale pale. Mvua za Aprili zilivimbisha mbao, kitufe kimoja hapo katikati ukikibonyeza hakirudi. Piano moja ina nyuzi kama 230 na zote pamoja zinavuta uzito wa karibu tani 18, sio kitu unaitia fundi yeyote wa jua kali, na fundi wa piano ninayemjua mimi ana foleni ndefu kuliko ya huduma za serikali. Kwa hivyo kijana amejifunza kukiinua hicho kitufe na kidole gumba katikati ya wimbo, chap, na anaendelea. Mamake akaniuliza kwa mlango, "Madam, akimaliza hii gredi si ataweza kupumzika?" Nikacheka tu.

Saa nne na kitu nikapanda matatu ya 46 kurudi tao na kibodi yangu ya vitufe 61 ndani ya begi refu jeusi. Kondakta akaliangalia hilo begi kutoka juu hadi chini. "Madam, hilo jeneza lina nauli yake." Tukabishana hadi Hurlingham, nikatoa hamsini. Mwenye kiti cha nyuma akanipa pole.

Tao nikanunua betri sita na mandazi mawili, na nikiwa bado na mandazi mdomoni simu ikalia. Ni watu fulani wanaotusaidia na pesa kidogo kwa darasa letu la watoto la Jumamosi huko Mathare, wanataka picha kabla ya Jumatatu. Mtoto mmoja, asiwe amevaa vizuri sana, na piano ionekane. Nikasema nitaona. Siwezi kuwatukana ju hizo betri ni wao wamenunua, lakini hiyo "asiwe amevaa vizuri sana" nilitembea nayo kichwani hadi stegi za Juja Road. Watoto wetu Jumamosi huja wameoga na wamepaka mafuta hadi wanang'aa, sasa nifanye nini, niwapake vumbi?

Saa sita Mathare. Ukumbi wa mabati, kwaya ya watu wengine bado iko ndani, tukangoja nje karibu nusu saa. Tuko wanne: mimi, kijana anayefundisha kuchora, msichana wa densi, na mzee wa ngoma ambaye watoto wote wanamwita Babu. Watoto leo ni 23. Tulipoingia tu, stima ikaenda. Ndio maana ya betri.

Sasa wacha niwaambie kuhusu katoni. Piano kamili ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na kitufe cheupe kina upana wa milimita 23 na nusu hivi, kwa hivyo ukitaka kuichora yote saizi yake unahitaji karatasi ya karibu sentimita 122. Hakuna mtoto wetu aliye na piano nyumbani. Mimi mwenyewe nilisomea Kenya Conservatoire of Music, ile iliyoko tangu 1944, na nyumbani nilikuwa nafanyia mazoezi kwa meza ya kulia, shangazi akinifukuza sahani zikija. Nikafikiri, kama meza ilinisaidia, katoni iliyochorwa vizuri itasaidia zaidi. Somo la kuchora likawa somo la rula pia: pima, piga mstari, paka rangi. Wiki tatu zilizopita walizimaliza na kuenda nazo nyumbani, na siku hiyo mimi sikuwepo, nilikuwa napiga harusi Karen. Hilo ndio kosa langu, mtaona.

Kuna msichana wa gredi ya sita shuleni, mkimya, huwa anakaa karibu na mlango. Leo akainua mkono akasema amefanya mazoezi kila siku kwa katoni na yuko tayari kupanda vitufe vyote bila kuruka, kimoja baada ya kingine, weupe kwa weusi. Gumba kwa cheupe, kidole cha tatu kwa cheusi. Nikamwekea kibodi kwa benchi. Akaanza, na wacha niseme ukweli, mkono ulikuwa mzuri. Kifundo kimelegea, vidole vimejikunja kama ameshika chungwa, sauti sawa sawa. C, cheusi, D, cheusi, E (vitufe vyeupe huitwa kwa herufi, A hadi G), halafu kidole cha tatu kikaenda juu kutafuta cheusi kingine na kikagonga ukuta wa plastiki. Akarudi mwanzo. Tena hapo hapo. Mara ya tatu akatoa mkono, akainama akaangalia karibu karibu, akaniambia, "Ticha, hii yenu imeng'oka jino."

Kijana wa kuchora akashika kichwa. Nilijua kabla aseme. Vyeupe aliwapimia vizuri, milimita kwa milimita, lakini vyeusi akawaambia wajaze kila nafasi kati ya vyeupe viwili. Moja moja moja hadi mwisho, kama meno ya kitana. Kwa piano ya kweli vyeusi hukaa viwili halafu vitatu, viwili halafu vitatu, lakini kwa katoni hiyo hakuna. Yaani huyu mtoto ametumia wiki tatu kujifunza, na kwa bidii, piano ambayo haiko duniani.

Nikaanza kueleza kuhusu nusu toni, ile hatua ndogo kabisa kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata, nikaona macho yao yakienda kwa mlango. Msichana wa densi akaniambia, "Nyamaza kidogo, Ticha." Akatoa watoto 13 kwa mstari: wanane weupe mbele, watano weusi nusu hatua nyuma, kila mweusi kati ya mabega mawili. Pale kati ya E na F hakuna mtu, kwa hivyo hao wawili lazima washikane mikono, na wale wa B na C wa juu pia. E alikuwa msichana na F kijana, wakakataa katakata. Mwishowe walikubali kushika penseli moja, kila mtu upande wake. Huyo wa gredi ya sita akatembea nyuma ya mstari akigusa vichwa, na kila akifika kwa penseli anasimama, anaiangalia, anaendelea.

Wale tisa waliobaki wakaenda kwa Babu. Yeye ni mtu wa Kakamega, anapiga isukuti, ngoma tatu, baba, mama na mtoto. UNESCO waliiweka 2014 kwa orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, na Babu husema anayehitaji kulindwa haraka ni yeye, nauli imepanda. Akawapea makofi: mawili, nyamaza, matatu, nyamaza. Mstari ukaanza kuyumba na hayo makofi, weusi wawili wanachuchumaa, weusi watatu wanachuchumaa, vumbi ikapanda hadi mabati.

Watu huniuliza mbona nisifundishe piano tu, hizo densi na kuchora ni za nini, wakidhani ni peremende za kuwafurahisha watoto kabla ya kazi yenyewe. Waje waone hiyo penseli.

Akarudi kwa benchi. Alifika E, akasita, akaweka gumba, akageukia kidole cha pili kwa F bila mimi kumwambia. Pale B na C alikwama. Akarudia, akakwama. Betri nazo zikaanza kuchoka, sauti ikakwaruza, kibodi ikazima kabla apite hapo. Chapo madondo ilikuwa imefika, kwa hivyo hakuna aliyelia.

Saa kumi na mbili niko nyumbani, miguu ndani ya beseni. Ripoti: walionufaika 23. Picha nimetuma ya ile penseli, mikono miwili tu, hakuna uso na hakuna piano. Wataamua wenyewe.

Jioni nikatumia mamake yule msichana wa gredi ya sita picha ya piano yangu yote, kutoka kushoto hadi kulia, ili wairekebishe ile katoni. Saa tatu usiku ikaingia sauti yake kwa WhatsApp, "Ticha samahani usiku hivi, huyu hataki kulala," nyuma yake nasikia wembe ukikwaruza karatasi. Binti yake ameshavikwangua vyeusi vyote vya ziada na kufunika mahali hapo kwa karatasi ya daftari na gundi ya unga wa ngano. Halafu mtoto mwenyewe, karibu sana na simu: "Ticha, huku kushoto mwisho kabisa kuna cheusi kimoja kimebaki peke yake. Hata yako iko na kosa?"

Nikamjibu hapana, hicho akiache, piano inaanzia A.