Penseli Chini ya Bastola

Baada ya kupasuliwa bega la kulia niliambiwa nisinyanyue kitu kizito kwa mkono ulionyooka kwa miezi sita. Nikamuuliza daktari, kizito kiasi gani? Akasema hata birika lililojaa maji. Nilinyamaza, kwa sababu mchezo wangu wote ndio huo: kusimama, kunyoosha mkono mmoja bila egemeo, na kuishika bastola ya upepo mbele ya jicho, risasi sitini katika shindano moja.

Miezi sita ilipokwisha nilirudi kwenye uwanja wa shabaha nikiwa nimeshaamua. Nitaiuza bastola yangu na kununua nyepesi kuliko zote nitakazoziona. Nilikuwa nikipiga kwa bastola iitwayo IZH-46M, chuma kitupu chenye mtutu mrefu, na niliipenda sana. Siku ya kwanza nilipiga risasi kumi, ya pili nane, na ya tatu nikaacha katikati kwa maumivu. Nikamwambia Mwalimu, mzee aliyenifundisha tangu siku ya kwanza niliposhika bastola, kwamba uzito wake umenishinda.

"Kabla hujaiuza, nipigie tano nikuangalie," akasema.

Nikapiga tano. Hakuitazama kadi ya shabaha hata mara moja. Alikaa pembeni yangu, macho kwenye uso wangu, na nilipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, unajua unakunja uso wakati gani?"

"Ninapoinua mkono."

"Hapana. Unapofunga wenzo."

Bastola ile inajazwa hewa kwa mkono. Chini ya mtutu kuna wenzo mrefu. Unaufungua, unatia kirisasi, kisha unaurudisha kwa nguvu, na hapo ndipo hewa inaposhindiliwa. Kazi hiyo hurudiwa kwa kila risasi, na bado kuna za majaribio kabla ya zile sitini zinazohesabiwa. Mkono wa kushoto ndio unaosukuma, lakini wa kulia ndio unaoshikilia, na bega langu lilikuwa linaubeba msukumo wote. Nilikuwa naulaumu uzito muda wote huo, na uzito ulikuwa na sehemu ndogo tu ya kosa. Nilishindwa kusema kitu. Mtu anaweza kuumia miezi na asijue anaumizwa na nini.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu aliwaomba wenzetu wawili waje na bastola zao. Mezani zikawekwa tatu: yangu, moja nyepesi ya plastiki ya kujifunzia, na moja fupi ya mashindano yenye mtungi wa hewa chini ya mtutu. Hiyo ya mtungi haishindiliwi. Hewa imo tayari, kwa hiyo kazi ni kufungua kidogo, kutia kirisasi na kufunga kwa kidole. Pembeni pa bastola aliweka mizani ndogo, na juu ya kitabu chake cha alama akalaza penseli.

Nikaikimbilia ile ya plastiki kwanza, kwa kuwa mizani ilisema ndiyo nyepesi kuliko zote. Nikainyoosha. Bega halikulalamika, lakini kilengeo cha mbele kilicheza kama mshumaa kwenye upepo. Kila mpigo wa moyo niliuona. Nilijaribu kuishika kwa nguvu zaidi, ikazidi. Bastola inahitaji uzito kidogo ili itulie. Isiyo na uzito kabisa hupokea kila mtikisiko wa mkono na kuupeleka moja kwa moja kwenye shabaha. Kifyatulio chake nacho kilikuwa kigumu, na kwenye bastola nyepesi kifyatulio kigumu kinaivuta bastola yenyewe. Nikairudisha mezani bila kupiga hata moja.

Ndipo Mwalimu alipochukua penseli. Akailaza IZH yangu juu yake, akawa anaisogeza taratibu, mbele, nyuma, mpaka ikatulia bila kuanguka upande wowote. Ilitulia mbali mbele, vidole vinne kutoka kwenye kifyatulio. Akafanya vivyo hivyo kwa ile fupi. Ikatulia juu tu ya kifyatulio, karibu na pale vidole vinaposhika mpini.

"Gramu usizihesabu peke yake," akasema. "Tazama ziko wapi."

Kwa vidole vinne vile mkono wangu ulikuwa unavutwa chini kama fimbo iliyotundikwa ndoo kwenye ncha. Kanuni za bastola ya upepo ya mita 10 huruhusu hadi gramu 1,500, na ile fupi ilikuwa chini sana ya hapo, lakini nilipoinyoosha nilihisi kama nusu ya uzito ule uliobaki nao umetoweka. Kilengeo kilitulia. Hakikusimama kabisa, hakisimami kwa mtu yeyote, ila kilizunguka polepole mahali pamoja, na hicho ndicho unachotaka.

Hasara ilikuwepo, na Mwalimu hakunificha. Mtutu mfupi unavisogeza vilengeo viwili karibu, hivyo kosa dogo la kuvipanga linakuwa kubwa zaidi likifika kwenye karatasi, na ile duara ya kumi, ya katikati kabisa, ina upana wa milimita 11.5 tu. Nitalazimika kuwa makini zaidi na macho kuliko zamani. Nikakubali. Macho yangu yalikuwa mazima.

Nilimuuliza pia lile swali lililonikaa moyoni tangu hospitali: je, nisingehamia mkono wa kushoto tu? Nilikuwa nimesoma habari za mpiga bastola Károly Takács wa Hungaria, ambaye mkono wake wa kulia uliharibiwa na bomu la mkono mwaka 1938, akajifunza kwa kushoto, kisha akashinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1948 jijini London na tena mwaka 1952 jijini Helsinki. Mwalimu alifikiri kwa muda mrefu.

"Yule mkono wake wa kupigia ulikuwa umeharibika," akasema. "Wako unapona. Usiuzike ukiwa hai."

Nilitaka pia kujua kama ningeweza kufunga bandeji ngumu kwenye kifundo cha mkono, angalau kwa mwaka wa kwanza. Hapo hakufikiri hata kidogo. Kwenye mashindano kifundo cha mkono unaopiga kinatakiwa kiwe huru, bila kufungwa kitu, na hakutaka nizoee nitakachokatazwa.

Mwenye bastola fupi aliniachia nijaribu. Mpini ulikuwa wa mkono mpana kuliko wangu, kwa hiyo Mwalimu alikunja kipande cha kitambaa akakiweka chini ya kiganja, akasema tutakuja kuuchonga kwa tupa. Nikapiga polepole, nikishusha mkono kila baada ya risasi na kupumzika kwa hesabu ya sitini. Ya saba ilitoboa kumi. Ya kumi na mbili pia. Ilipofika ya ishirini nikafungua nitie kirisasi kingine, na Mwalimu akaweka kidole juu ya kopo la virisasi.

"Ishirini tu leo."

Bega lilikuwa kimya. Nilishika kile kirisasi cha ishirini na moja kati ya vidole viwili, kidogo kama punje, kwa muda mrefu kabla sijakirudisha.