Hereni za kristali zenye maumbo ya pwani: anza na mgongo

Ukiletewa hereni za kristali zenye umbo la kiti cha pweza au kombe, ni rahisi kuvutwa na mng'ao na kuzipandisha bei kabla hujazigeuza. Geuza kwanza. Kwa mbele, chini ya taa za dukani, hereni zote zinameta. Mgongo ndio unaosema zilitengenezwaje na zimetunzwaje. Tafuta mwanga wa dirishani, kitambaa cheupe, lenzi ya sonara inayokuza mara 10, sumaku, na mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.1.

Sumaku itangulie. Ikinata kwenye mwili wa hereni, ndani mna chuma, na chuma kilichochovywa rangi ya dhahabu hakistahimili hewa ya chumvi: kutu huanzia kwenye viungio, hutambaa chini ya rangi, kisha rangi hubanduka vipande vipande. Ikinata kwenye kibano cha nyuma tu, usihukumu haraka, kwani vibano vingi vina springi ya chuma. Isiponata kabisa, tazama palipochujuka, hasa kingoni na kwenye kijiti kinachopita sikioni. Unjano chini ya rangi ni dalili ya shaba ya njano, ambayo fundi anaweza kuichovya upya. Ukijivu ni dalili ya mchanganyiko wa zinki. Huo ni mwepesi zaidi, na mkono wa kiti cha pweza ukikatika hauungiki kirahisi.

Kristali za hereni hizi ni kioo kilichokatwa, wala si kito kilichochimbwa. Gusisha jiwe mdomoni: kioo ni baridi, plastiki huchukua joto upesi. Chini ya lenzi, kioo kilichokatwa vizuri kina kingo kali zinazokutana nuktani. Kilichomiminwa kwenye kalibu tu kina kingo zilizolegea, na pengine kiputo cha hewa ndani.

Kinachoshusha bei kuliko vyote ni jiwe lililokufa. Mawe mengi yana utando mwembamba wa rangi ya fedha mgongoni, ndio unaorudisha mwanga. Maji yakipenya chini ya jiwe, kwa jasho, manukato au kuogelea nazo, utando huo huoza na jiwe huwa la njano au jeusi. Kusafisha hakusaidii, dawa ni kubadilisha jiwe. Inamisha hereni polepole dirishani: mawe mazima huwaka na kuzima kwa zamu, lililokufa hubaki kimya. Kwenye kiti cha pweza, anza kukagua ncha tano za mikono. Ndizo zinazonasa nywele na mitandio, na ndizo hupoteza mawe kwanza. Angalia kama jiwe linashikwa na kucha za chuma au limegandishwa kwa gundi tu. La kucha lina thamani zaidi, kwani hata likibadilishwa halionyeshi.

Umri nao una alama zake. Mng'ao wa upinde wa mvua uitwao Aurora Borealis ulitolewa na Swarovski, kampuni ya kristali ya Austria, pamoja na mbunifu wa mavazi Christian Dior mwaka 1956. Muuzaji akikuapia kwamba hereni zenye mng'ao huo ni za miaka ya 1930, ama umri si huo, ama mawe yalibadilishwa. Alama ya bata maji ya Swarovski nayo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Na "kristali za Swarovski" si sawa na "hereni za Swarovski": watengenezaji wengi walinunua mawe hayo wakayapachika kwenye kazi zao wenyewe, na bei zake ni mbili tofauti.

Farasi wa baharini wana mtego wao. Jozi iliyofikiriwa vizuri ina wawili wanaotazamana, wa kulia na wa kushoto. Wote wakitazama upande mmoja, ama kalibu ilikuwa moja, ama umeuziwa nusu za jozi mbili. Linganisha uzito na rangi ya migongo. Ukikuta kipande cha gamba halisi la ng'amba, yule kasa wa baharini, acha kukadiria: biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini.

Kwa bei, fuata zilizolipwa kweli kwa jozi zinazofanana, usifuate zinazotajwa na wauzaji. Jiwe moja lililodondoka si msiba ikiwa saizi yake inapatikana: pima tundu kwa milimita, weka chembe ya gundi ya epoksi kwa ncha ya kijiti cha meno, acha saa 24. Supagluu usiiguse kabisa. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye mawe ya jirani, na jozi iliyokosa jiwe moja inakuwa jozi yenye mawe sita yaliyoharibika.