Vipindi 12, basi

Jumapili, saa mbili usiku. Saa kama hii wanafunzi wengi wa Nairobi hukaa na rula na kalamu za rangi, wakachora ratiba mpya. Inaanza saa kumi na moja alfajiri, inaisha saa sita usiku, haina siku ya kufua, na ikifika Jumatano jioni imeshakufa. Si uvivu. Ratiba yenyewe iliandikiwa wiki ambayo haipo.

Wiki ina saa 168, na ukizihesabu bila kujionea huruma zinaisha upesi. Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye yuniti 6, yaani masomo 6 ya muhula, anayekaa Rongai, nje ya jiji, na kusomea katikati ya jiji. Kulala saa 7 kila usiku ni 49. Mihadhara, saa 3 kwa kila yuniti, ni 18. Matatu kwenda na kurudi, saa 3 kwa siku 5, ni 15. Kupika, kula, kuoga na kuosha vyombo, saa 3 kwa siku, ni 21. Kufua, soko, ibada na mambo ya wikendi, weka 10. Zimebaki 55, na hapo ndipo watu hujidanganya: zote zinaandikwa "kusoma". Ndani ya hizo 55 kuna mhadhara wa fidia ambao mwakilishi wa darasa anautangaza Ijumaa usiku, simu ya mama ya dakika 40, stima kupotea, na kukaa tu bila kufanya lolote, jambo ambalo mwili hulidai upende usipende. Ukipata theluthi yake, yaani saa 18, hiyo ni wiki njema.

Saa 18 ukizikata vipande vya dakika 90 unapata vipindi 12. Hiyo ndiyo ratiba nzima.

Kabla ya kuchora chochote, tazama wiki iliyopita, si ile unayoitamani. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba mtu akikadiria muda wa kazi hutazama mpango wake na kusahau kazi kama hiyo ilimchukua muda gani hapo awali. Dawa iko mfukoni. Ukilipa nauli kwa M-Pesa, kila ujumbe una saa yake: utaona ulipanda gari saa ngapi Jumatatu hadi Ijumaa, na kama "saa moja tu njiani" ni kweli. Kisha fungua ukurasa wa simu unaoonyesha muda uliotumia kwenye kila programu. Huo hauhitaji maelezo.

Sasa kugawa. Kuzipa yuniti zote saa sawa kunaonekana haki, lakini ni kosa. Chukua karatasi ya mtihani wa zamani ya kila yuniti, jaribu maswali mawili bila daftari, kisha zipange kutoka ile iliyokushinda kabisa. Mbili za juu zipe vipindi 3 kila moja, mbili za kati 2, mbili za chini 1. Jumla 12. Mpangilio huo haudumu muhula mzima. Katika vyuo vingi majaribio ya muhula hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70, kwa hiyo wiki mbili kabla ya jaribio yuniti husika huazima kipindi kutoka kwa zile nyepesi, na likiisha hukirudisha.

Mahali pa kuviweka ndipo penye kazi. Vipindi 5 viingie mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, katika yale mapengo ya saa mbili kati ya mhadhara na mhadhara. Pengo kama hilo huliwa na chai, chapati na stori kwenye ngazi, na hakuna anayeona limekwenda wapi. Dakika 30 zitoke kwa kutembea na kutafuta kiti maktabani, 90 zibaki. Vipindi 3 viwe vya jioni, 3 Jumamosi, kimoja Jumapili. Juu ya hivyo acha vyumba viwili vitupu kwenye ratiba, Alhamisi jioni na Jumapili alasiri, usiandike kitu ndani.

Jioni za Nairobi zinahitaji akili. Anayetoka chuoni saa kumi na moja anaingia kwenye msongamano ukiwa umeiva. Anayebaki maktabani hadi saa mbili kasorobo hukuta njia imefunguka kidogo. Lakini kushuka stejini saa tatu usiku si jambo la kuandikwa kwenye ratiba kirahisi, kwa hiyo iwe siku moja au mbili, ukiwa na mwenzako wa njia hiyo. Tena kuna mvua. Muhula wa Septemba unakutana na vuli, wa Januari unaishia kwenye masika, na mvua ikinyesha saa kumi jioni kipindi cha usiku kimekwenda. Miezi hiyo hamishia vipindi vya jioni asubuhi ya Jumamosi. Na usihesabu matatu kama mahali pa kusomea. Muziki ule na taa zile zinakuruhusu kupitia kadi chache za istilahi kwenye simu, si zaidi.

Maji nayo hupanga ratiba. Mtaa ukipata maji siku mbili kwa wiki, siku hizo ni za kufua na kujaza mitungi. Kuziwekea yuniti ngumu ni kutafuta ugomvi na ndoo.

Ndani ya kipindi chenyewe, neno "Hesabu" kwenye kisanduku halisaidii mtu. Andika "maswali 4 hadi 9, karatasi ya 2022", ili ukikaa usianze kutafuta cha kufanya. Dakika 10 za kwanza daftari likiwa limefungwa: karatasi tupu, andika unachokumbuka kutoka mhadhara uliopita, kisha fungua ujaze mapengo kwa kalamu nyekundu. Wekundu ukizidi wino wa kwanza, hukuelewa, uliandika tu alichosema mhadhiri. Dakika 55 za maswali. Dakika 10 simama, utembee. Dakika 15 za mwisho andika swali lililokushinda na lilikushindia wapi hasa. Hilo ndilo la kuanzia kipindi kijacho. Kipindi cha kwanza cha yuniti kiwe ndani ya siku moja baada ya mhadhara: Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba kusahau hukimbia sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo.

Kipindi kikianguka kinahamia kwenye chumba kitupu. Vikianguka vitatu, viwili vinahama na cha tatu kinafutwa, tena kifutwe kutoka yuniti nyepesi. Kisilipwe kwa usingizi, maana deni la Jumanne likilipwa saa nane usiku, Jumatano inaamka nalo.

Kikundi cha majadiliano kinastahili kipindi kimoja, na asiyekuja na jibu lake, hata bovu, asikilize tu. Bila sharti hilo saa tatu zinakwenda kwa mmoja kuwafundisha watano.

Jumapili kama hii, dakika 20 zinatosha. Hesabu vilivyofanyika. 9 kati ya 12 ni vizuri. Vikiwa chini ya 7 wiki mbili mfululizo, usiongeze bidii, punguza ratiba: andika 10, na Ijumaa jioni uiache ilivyo.